Sahani Unayoiuza: Mazungumzo na Mama Lishe wa Moshi Kuhusu Chakula na Saratani

Hotuba hii ilitolewa katika ukumbi wa kata, Moshi, mbele ya mama lishe na baba lishe. Mzungumzaji ni muuguzi mstaafu, na ameiandika mwenyewe.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikundi, mama zangu, dada zangu, na ninyi kaka zetu baba lishe mliokaa kule nyuma. Walionizidi umri shikamooni. Wengine, habari za mchana.

Najua mmefunga vibanda mapema ili mfike hapa, na najua ukifunga kibanda saa nane mchana kuna wali unaobaki sufuriani. Nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Nimefanya uuguzi miaka thelathini na moja, mingi kati ya hiyo kwenye wodi za upasuaji. Nilipoanza kazi, mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana alikuwa wa nadra. Daktari akimpata aliwaita wanafunzi waje wamwone, kwa kuwa hakujua lini atapata mwingine. Nilipokuwa nakaribia kustaafu hakuna aliyeitwa tena. Walikuwa pale kila wiki, na wengine hawajatimiza miaka arobaini. Nilikuwa nawafunga mfuko wa kinyesi ubavuni, nawafundisha wake zao jinsi ya kuusafisha, na usiku nikirudi nyumbani najiuliza: kimebadilika nini? Hewa ni ile ile. Mlima ni ule ule. Watu ni watoto wa watu wale wale.

Nimekuja kwenu kabla ya kwenda shuleni au makanisani na misikitini kwa sababu mji huu unakula kwenu. Fundi, dereva wa bodaboda, karani wa benki, mwanafunzi wa chuo, wote mchana wapo mbele ya sufuria zenu. Daktari anamwona mtu mara moja kwa mwaka, akiwa amebahatika. Wewe unamwona siku sita kwa wiki.

Niwape habari ya watu arobaini. Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na Dk. Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo ninyi mtalielewa upesi kuliko maprofesa wengi: waliwabadilishia watu sahani. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa vijijini KwaZulu, Afrika Kusini. Wote walikuwa na afya njema, wenye miaka 50 hadi 65. Asili yao wote ni bara hili. Lakini kati ya Wamarekani weusi, watu wapatao 65 katika kila 100,000 wanapata saratani ya utumbo mpana kila mwaka, na kule vijijini Afrika Kusini hawafiki hata 5.

Kwa wiki mbili Wamarekani wakala kama watu wa kijijini: mahindi, kunde, bamia, nyanya, mboga, matunda. Waafrika nao wakala kama watu wa Pittsburgh: soseji na chapati za maji asubuhi, mkate wa nyama na chipsi mchana, nyama tena usiku. Watafiti walipima kila kitu. Nyuzinyuzi, ile sehemu ya chakula ambayo mwili hauwezi kuisaga, za Wamarekani zilipanda kutoka gramu 14 kwa siku hadi 55. Za Waafrika zilishuka kutoka 66 hadi 12. Kabla na baada ya hapo waliwaingizia kamera ndogo kwenye utumbo, wakachukua vipande vidogo vya ukuta wake na kuvitazama.

Wiki mbili tu, mama zangu. Ndani ya siku hizo kumi na nne, ukuta wa utumbo wa Wamarekani ulikuwa umetulia: uvimbe wa ndani kwa ndani, si ule wa saratani, umepungua, na seli zimeacha kugawanyika kwa pupa. Kwa Waafrika mambo yakageuka. Seli zao zilianza kuzaliana haraka na dalili za uvimbe huo wa ndani kwa ndani zikaongezeka, na wao walikuja pale wakiwa na matumbo mazuri kuliko ya wenzao. Tena katika ile picha ya kwanza, karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na vinyama vya utumboni, vile ambavyo baada ya miaka vinaweza kugeuka saratani. Kwa Waafrika hakikupatikana hata kimoja.

Sisemi kwamba mtu alipata saratani kwa wiki mbili, au kwamba mwingine aliponywa. Saratani ya utumbo huchukua miaka kumi, kumi na tano, kujijenga. Kilichoonekana ni shamba kuanza kutayarishwa. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba lilianza kutayarishwa upesi kiasi hicho, na kwamba kinga ya wale wa kijijini haikuwa kwenye damu yao. Ilikuwa kwenye bakuli. Ukiondoa bakuli, kinga inaondoka.

Sasa niwaeleze inavyofanya kazi, maana mtu akijua sababu hasahau. Ukila maharage, sehemu yake moja mwili wako hauwezi kuisaga. Hiyo ndiyo nyuzinyuzi, na ipo pia aina ya wanga unaokataa kusagwa. Inapita tumbo, inapita utumbo mwembamba, inafika utumbo mpana ikiwa nzima. Huko kuna bakteria, mabilioni kwa mabilioni, wanaoisubiri. Wanaichachusha kama mnavyochachusha togwa, na katika kuichachusha wanatoa kitu kinachoitwa butirati. Butirati ndiyo chakula cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo hazitegemei sana damu kwa lishe yao. Zinategemea kile bakteria walichopika. Zikishiba butirati zinafanya kazi yake kwa utaratibu, na seli iliyoharibika inajua wakati wake wa kufa. Kwa wale Wamarekani butirati ilipanda mara mbili na nusu. Kwa Waafrika ilishuka ikawa nusu. Na mafuta yakizidi, nyongo nayo inamwagika kwa wingi, na bakteria wengine wanaigeuza kuwa asidi inayouchubua ukuta ule ule uliokosa chakula chake.

Kuna jambo moja hapa linanigusa. Mmoja wa watu wa mwanzo kuliona hili kwa upana aliliona kwetu, Afrika Mashariki. Ni daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika, maelfu ya maili, wakiuliza habari za saratani ya taya ya watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Lakini alikuwa na tabia ya kuulizia na magonjwa ambayo hakuyakuta. Akaona kwamba saratani ya utumbo iliyojaa hospitali za kwao Ulaya, hospitali zetu hazikuwa nayo. Mwaka 1971 akaandika kwamba siri iko kwenye nyuzinyuzi za chakula. Baadaye wapo waliojaribu kuwapa watu pumba ya ngano kama dawa na hawakuona faida waliyoitarajia, wakasema Burkitt alikosea. Mimi nadhani waliuliza swali dogo kuliko lake. Yeye alikuwa anatazama sahani nzima ya bibi zetu. Kijiko cha pumba juu ya mlo wa soseji ni kitu kingine kabisa.

Na kwa ninyi wa Kilimanjaro nina habari ya ndizi. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio la karibu watu elfu moja wenye kasoro ya kurithi iitwayo Lynch, ambayo huleta saratani katika ukoo. Baadhi yao walipewa unga wa wanga usiosagika kila siku kwa miaka kama miwili, kiasi kinachokaribiana na kilicho katika ndizi moja ambayo haijaiva sawasawa. Baada ya miaka kumi na zaidi, saratani ya utumbo mpana haikupungua kwao, na hilo lazima niliseme. Lakini saratani za sehemu nyingine, hasa tumbo, kongosho na njia ya nyongo, zilipungua karibu nusu. Wale walikuwa watu wa hali maalumu, na walipewa unga, hawakupewa mtori. Moto wa jikoni nao hupunguza wanga huo, ingawa chakula kikipoa sehemu yake hurudi. Siwezi kuwaambia kwamba kiburu kinazuia saratani. Naweza kuwaambia kwamba ndizi na maharage kwenye chungu kimoja si chakula cha kuonea haya mbele ya mgeni.

Tuje kwenye sukari na mafuta ya mwilini, ambako maneno ni mengi na mengine yameua watu.

Ukila, sukari inaingia kwenye damu, na kongosho inatoa homoni ya insulini. Insulini inagonga milango ya seli: fungueni, chakula kimekuja. Kwa mtu anayefanya kazi ya kutoa jasho na kula kwa kiasi, mlango unafunguka kwa hodi moja. Lakini mafuta yakishajaa tumboni na kwenye ini, milango inakuwa na kutu. Kongosho inagonga tena, inagonga kwa nguvu zaidi, na insulini inabaki juu kwenye damu mchana na usiku. Hii inaanza miaka mingi kabla ya kisukari kupatikana kwenye kipimo. Na kazi ya insulini si kuruhusu sukari kupita tu. Kwa seli nyingi, pamoja na kichocheo kingine kinachofanana nayo, ni amri ya kukua na kugawanyika. Ni kama samadi. Ukimwaga samadi shambani kila siku, mchicha unakua na magugu yanakua. Seli moja iliyoharibika, ambayo ingekaa kimya au ikafa, inapata samadi isiyoisha.

Mafuta yenyewe hayakai kama gunia stoo. Yanafanya kazi. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zinaacha kutengeneza estrojeni kwa wingi, na mafuta ya mwili ndiyo yanayoshika kazi hiyo. Kadiri mafuta yalivyo mengi ndivyo estrojeni inavyokuwa nyingi, na estrojeni hiyo inazichochea seli za matiti na za ukuta wa mji wa mimba. Juu ya hapo, mafuta yaliyozidi yanaita askari wa mwili, wanakaa humo wakipigana vita visivyokwisha, kama makaa yanayofuka chini ya majivu. Kwa njia hizi, mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani walitamka kwamba ushahidi unatosha kuhusisha unene uliozidi na saratani za aina 13. Zimo utumbo mpana, ini, kongosho, figo, kifuko cha nyongo, mji wa mimba, ovari, na matiti kwa waliokoma hedhi.

Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa mwaka 2022 ukakuta wameongezeka. Kwa miaka kama sita tu.

Nataka niliongelee hili kwa heshima, maana nimekaa na wanawake wengi na najua wanachokiogopa. Mwanamke wa kwetu akinenepa anaambiwa amependeza, mume anamtunza, mambo yamemnyookea. Akipungua, watu wananong'ona. Kwa miaka thelathini kupungua kwetu kulimaanisha kitu kimoja: ana ule ugonjwa. Tumewazika watu waliopungua hivyo, na jicho letu halijasahau. Kwa hiyo ukimwambia dada apunguze kilo kumi, unamwomba pia avumilie macho ya mtaa mzima. Hili mabango ya hospitali hayalisemi. Mimi nasema tulisaidie kwa midomo yetu. Mteja wako akija amepungua kwa sababu anatembea kwa miguu asubuhi, usimuulize anaumwa nini. Mwambie anaonekana ana nguvu.

Kutembea nako kuna kazi yake, na ni fupi kuieleza. Msuli unapofanya kazi unachukua sukari kutoka kwenye damu bila kungoja insulini igonge. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uhisi pumzi, ndicho kiwango kinachopendekezwa, na kuna watu humu ndani wanaokimaliza siku ya Jumanne kwa kubeba maji. Wanaokikosa ni wateja wenu wanaokaa ofisini na kuteremka kwa bodaboda mlangoni.

Sasa ile habari iliyoua watu. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kidogo, mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, alianza kuonyesha kwamba seli za saratani zinakula sukari nyingi kupita kiasi, na zinaichachusha hata pale penye hewa ya kutosha. Ni kweli, na leo zipo mashine zinazotafuta uvimbe kwa kumdunga mgonjwa sukari yenye mionzi kidogo, kisha zinapiga picha kuona imekusanyika wapi. Kutokana na ukweli huo watu wamejitungia uongo: kwamba mgonjwa wa saratani asipewe sukari, asipewe ugali, asipewe wali, asipewe maziwa, na uvimbe utakufa kwa njaa. Nilimuuguza mama mmoja wa saratani ya titi, mwalimu, aliyekuwa na nafasi nzuri ya kupona. Ndugu walipata ujumbe kwenye simu, sijui kutoka kwa nani, wakamwachisha kila kitu, akabaki na juisi ya majani. Baada ya wiki sita hakuwa na mwili wa kubeba dawa. Tiba ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Uvimbe haukufa njaa. Mwili ukikosa chakula unabomoa misuli yake kutengeneza sukari, na uvimbe unajichukulia humo. Aliyekufa njaa ni mwalimu yule.

Kwa hiyo naomba mnisikie vizuri, maana haya mawili watu wanayachanganya. Kwa mtu asiyeumwa, kupunguza sukari na unga uliokobolewa ni kujikinga. Kwa mgonjwa aliye kwenye matibabu, kula ni sehemu ya matibabu. Mgonjwa akija kibandani kwako akataka uji, mpe uji, weka karanga, weka maziwa, na kama anataka sukari mwekee.

Nimetaja karanga. Hapo pana jambo ambalo ninyi mna nguvu nalo kuliko serikali.

Sote tumeambiwa dona ni bora kuliko sembe, na kwa yale niliyosema juu ya utumbo ni kweli. Lakini ganda na kiini cha hindi ndipo sumukuvu inapojificha zaidi. Sumukuvu ni sumu ya kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa mbichi, zikaanikwa chini au zikawekwa stoo zenye unyevu. Inafika kwenye ini, inageuzwa huko, inang'ang'ania kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu. Moto wa jiko hauiondoi. Ukisonga ugali hata saa nzima, bado ipo. Ikiwa nyingi kwa mara moja inaua upesi: Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa, na kwetu mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, njia ile ile yanakotoka mahindi mengi tunayokula hapa. Ikiwa kidogo kila siku haina kelele. Inasubiri miaka.

Na inapomkuta mtu mwenye homa ya ini ya aina B, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Watafiti walifuatilia wanaume wa Shanghai, China: wenye sumukuvu peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini kama mara tatu ya wengine, wenye virusi peke yake mara saba, wenye vyote viwili karibu mara 60. Watoto wetu wanachanjwa dhidi ya virusi hivyo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Sisi watu wazima wengi wetu hatukuchanjwa. Kipimo kipo, na chanjo ya watu wazima ipo, kaulizeni.

Basi dona au sembe? Jibu langu ni dona ya mahindi uliyoyachambua mwenyewe. Dona ya kununua kwenye mfuko, ambayo hujui mahindi yake yalilala wapi, mimi siiamini. Yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu, yenye ukungu wa kijani au wa njano, yaliyosinyaa, ondoa yote. Karanga chungu, iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, tupa, usiisage eti itapotea kwenye mchuzi. Na msiwape kuku, maana mwishowe kuku hao mtakula ninyi.

Chai nitaisema kwa ufupi ingawa najua itawaudhi. Watafiti walipima joto la chai hapa hapa Kilimanjaro, wakakuta watu wanaanza kuinywa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70. Kuanzia nyuzi 65 kwenda juu, vinywaji vya moto sana vimewekwa kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na saratani ya umio ni ugonjwa wa ukanda wetu huu, kutoka Ethiopia na Kenya kushuka mpaka Malawi. Chai yenyewe haina kosa. Ni kuunguza koo lile lile kila asubuhi miaka arobaini. Mimina, weka kikombe mezani, mletee mteja chapati kwanza, halafu ndipo anywe.

Mbege, bia, konyagi: pombe ikiingia mwilini inageuzwa kuwa asetaldehaidi, nayo inakata vinasaba. Ni chanzo kilichothibitishwa cha saratani ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo na titi, na hatari inaanza kwenye kikombe cha kwanza, ikipanda kwa kila kinachofuata. Anayevuta na sigara juu yake anaiongeza maradufu na zaidi. Sina la kupamba hapo. Nimezaliwa kwenye ukoo unaopokezana kata ya mbege, na najua inashikilia nini katika undugu wetu. Nasema kata iwe ndogo, na iwe ya siku yenye sababu.

Msiondoke hapa mkaenda kumnyooshea kidole mgonjwa kwamba alijitakia. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zingeweza kuzuilika. Maana yake nyingine nyingi zinakuja bila mtu kufanya lolote: seli imekosea kujinakili, au mtu karithi. Nimewauguza waliokula mboga maisha yao yote. Na saratani inayowaua wanawake wengi zaidi nchini kwetu, ya mlango wa kizazi, inatoka kwa kirusi, haitoki mezani. Hiyo ina chanjo kwa wasichana, tangu mwaka 2018 inatolewa nchi nzima, na ina kipimo ambacho ninyi mtakipenda. Muuguzi anapaka siki. Ni siki, ndiyo, iliyotayarishwa kwa kazi hiyo. Panapobadilika kuwa peupe panaonyesha mabadiliko ya mapema, na mara nyingi panatibiwa siku ile ile. Mwenye umri wa miaka thelathini na kuendelea ambaye hajawahi kupimwa, nitakaa hapa mpaka jioni, aje tuongee pembeni. Na yeyote, mwanaume au mwanamke, anayeona damu kwenye choo, au choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, asikubali kuambiwa ni bawasiri kabla hajatazamwa.

Nimalizie na biashara yenu, kwa sababu mnalipa kodi ya kibanda na mteja akihama watoto hawali. Siwaombi mfunge chipsi. Naomba mambo ambayo nimeyafanyia hesabu na dada yangu anayepika stendi. Maharage myaloweke usiku, mmwage maji yale, asubuhi yanaiva kwa mkaa mchache. Kwa hiyo upawa wa maharage uwe mkubwa kuliko wa wali, na bei ibaki. Mboga za majani ziwe za kila sahani, zisiwe za anayeomba. Makande yarudi, angalau siku mbili kwa wiki. Dada yangu alidhani wanafunzi wa chuo watayakataa, sasa yanaisha kabla ya saa saba. Chai ipikwe bila sukari, sukari iwe mezani kwenye kopo na kijiko kidogo. Na jagi la maji safi liwekwe mezani kabla mteja hajaulizwa anakunywa nini. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, na wengi wanaiagiza kwa kuwa maji hayakuonekana.

Soseji zile nyekundu, hizo nawaomba mziache kabisa kama mnaweza. Nyama ya kusindikwa imethibitishwa kuleta saratani ya utumbo: gramu 50 kila siku, kama soseji moja, inaongeza hatari kwa asilimia 18. Mishikaki ya ng'ombe mara moja kwa wiki sigombani nayo.

Pale kwenye meza kuna debe moja la mahindi nililonunua jana sokoni, bila kuchagua, kwa bei mnayonunulia ninyi. Kuna nyungo sita. Nimekuja nalo tulichambue pamoja, tupime mwishoni tumetoa kiasi gani, na tujue hasara ya kila debe ni shilingi ngapi, ili mkienda kununua kwa pamoja mjue cha kumwambia muuzaji. Aliye karibu na dirisha avute pazia. Ule ukungu wa kijani hauonekani vizuri bila jua.